Daftari la majina ya jezi: Walker nimelifuta mara mbili

Daftari limefika majina 41. Utaratibu ni uleule: jina la Kiingereza nikiliona mgongoni mwa mchezaji, nalitafutia asili yake kabla ya mechi ya wiki inayofuata.

Walker lilikuwa la kwanza kabisa, na nililiandikia "mtembeaji" bila hata kufungua kitabu. Wiki hii nimelipiga mstari. Katika Kiingereza cha kale, wealcan ilikuwa kuviringisha na kugeuzageuza, na wealcere alikuwa fundi wa kukanyaga vitambaa vya sufu. Kitambaa kikitoka kwa mfumaji huwa kimelegea na kimejaa mafuta ya kondoo. Basi kinatumbukizwa kwenye birika la maji na mkojo uliochacha, jamaa anaingia humo peku na kukanyaga saa nyingi. Amonia ya ule mkojo inakata mafuta, nyuzi zinashikana, kitambaa kinanywea na kuwa kizito. Halafu kinawambwa kwenye fremu ya mbao kwa kulabu kikauke. Kuanzia karne ya 12 vinu vya maji viliichukua kazi ya miguu, jina likabaki.

Kilichonikesha ni kwamba kazi hiyohiyo ina majina matatu. Kaskazini mwa Uingereza wanasema Walker. Kusini mashariki ni Fuller, lenye asili ya Kilatini, fullo. Kusini magharibi, Devon na Cornwall, ni Tucker, kutoka neno la kale la kutesa, na kwa kipigo kile kitambaa kweli kiliteswa. Mjini Exeter, Devon, ukumbi wa chama chao uliojengwa 1471 bado unaitwa Tuckers Hall. Hata kwenye sensa ya 1881 majina hayo yalikuwa bado yamejigawa hivyo.

Nikamrukia Kyle Walker, yule beki Mwingereza. Kazaliwa Sheffield, kaskazini! Nikaweka vema kubwa. Mdogo wangu, aliyekuwa anachungulia begani, akauliza, "Huyo si kwa baba ana asili ya Jamaika, kaka?"

Kweli bwana. Waingereza waliitawala Jamaika kuanzia 1655 hadi 1962, na wengi waliofanywa watumwa kule waliishia na majina ya Kiingereza. Jina linaweza kuvuka bahari bila damu ya fundi yeyote wa sufu.

Vema nimeifuta. Pembeni nimeandika: "Maana imepatikana. Njia bado."

Jumamosi ni zamu ya Webster.