Siku moja na mzee mgonjwa ninayemsindikiza na kumtafsiria, barabara ya Anna Salai, Chennai, India

Saa 12 asubuhi. Simu ya kwanza inatoka Tanga. Chennai imetangulia nyumbani kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo huko bado ni usiku wa manane. Binti wa mzee hajalala. Namwambia miadi ni saa 3:30, atulie.

Saa 1. Kahawa kibandani. Muuzaji anaimimina toka juu, kikombe hadi kikombe, mpaka itoe povu.

Saa 2:30. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Bajaji imekuja?" Imekuja, ya njano, ila hapa huiita "auto" tu. Mzee anacheka: Bajaj si kampuni ya Kihindi? Jina tumelichukua sisi, wenyewe wameliacha!

Tunaingia Anna Salai. Wazee wa mji bado wanasema Mount Road, maana ilikuwa njia ya kwenda mlima wa St. Thomas. Ni kama kilometa 15, toka karibu na ngome ya Fort St. George hadi makutano ya Kathipara, na kwangu mimi ndiyo ofisi: hospitali, maabara, maduka ya dawa, vyote viko humo au vichochoroni mwake.

Saa 3. Juu ya daraja la Gemini, la mwaka 1973, bajaji inazima. Nyuma yetu mabasi, pikipiki, honi. Dereva anashuka kusukuma, nami nasukuma, mzee kakaa ndani ameshika bahasha ya eksirei kama hati ya shamba. Tukifika chini namlipa, tunatafuta lifti ya metro, treni ya chini ya ardhi, kituo cha AG-DMS. Kituo kimoja tu, Teynampet. Chini huko kuna baridi na kimya. Huwezi kuamini ni barabara ileile.

Saa 4. Tumechelewa, lakini daktari amechelewa zaidi. Anauliza kwa Kiingereza: goti linachoma au linavuta? Mzee: "Linakata." Kutafsiri "linakata" kunanichukua dakika tatu na mikono yote miwili. Nesi anaandika kwa Kitamil kitu ambacho sikioni vizuri.

Saa 7 mchana. Mzee anataka kuswali. Nampeleka msikiti wa Thousand Lights, Taa Elfu, uliopewa jina la taa zilizokuwa zikiwashwa kuangazia ukumbi wake. Mimi nasinzia kivulini.

Saa 11 jioni. Tukingoja dawa namweleza kwamba barabara imepewa jina la C. N. Annadurai, waziri mkuu wa jimbo aliyefariki 1969. Watu walimwita Anna, yaani kaka mkubwa. Hapa hata dereva huitwa hivyo.

Saa 12. Dereva anataka rupia 200. Kabla sijafungua mdomo, mzee aliyeuza nazi soko la Mgandini, Tanga, miaka na miaka anageuka, anaanza kuondoka akichechemea: "Aa-aa, Anna. Mia."

Tumepanda kwa 120.