Nusu eka si 35 kwa 35

Nachapa mikataba hapa Moshi mjini, si mbali na stendi. Nachapa pia barua za maombi ya kazi na ratiba za misiba, ila kodi ya chumba inalipwa na mauziano ya mashamba. Muuzaji na mnunuzi wanashuka kutoka Kibosho au Old Moshi, dalali kawatangulia, mashahidi wako nje kwenye kivuli. Kisha naambiwa, "Dada, andika nusu eka, hatua 35 kwa 35."

Siandiki. Niseme kwa nini, maana nimechoka kulieleza mtu mmoja mmoja huku foleni inasubiri.

Eka kwa hatua ni 70 kwa 70, hilo hata mtoto wa darasa la nne huku kwetu analijua. Na nusu ya 70 ni 35, nalo halina ubishi. Lakini zidisha basi: 70 mara 70 ni 4,900, na 35 mara 35 ni 1,225. Hiyo 1,225 inaingia kwenye 4,900 mara nne. Aliyepewa 35 kwa 35 amepewa robo eka na amelipia nusu. Nusu yenyewe ni 70 kwa 35, unakata upande mmoja tu. Ukitaka nusu iliyo mraba, kila upande uwe hatua 49 na nusu hivi. Dalali mmoja aliniambia nichape tu, mambo ya shule niyaache shule. Nikachora mraba kwenye karatasi, nikaukunja mara mbili, nikampa mnunuzi. Bei ilijadiliwa upya palepale kwenye benchi langu.

Hiyo 70 nayo ina asili yake. Eka ni kipimo cha Waingereza, nacho kina yadi za mraba 4,840. Shamba la mraba lenye eka moja lina upande wa yadi 69 na nusu na kidogo, kwa hiyo 70 ni makadirio mazuri sana, mradi hatua yako iwe yadi, yaani sentimita 91.44. Zamani eka haikuwa hata mraba. Wapimaji wao walitumia mnyororo wa futi 66, ule wa Edmund Gunter wa mwaka 1620, na eka ikawa mnyororo mmoja kwa minyororo kumi: futi 66 kwa 660. Kishamba chembamba kama barabara, na bado ni eka kamili.

Sasa miguu. Akitembea kijana mrefu wa muuza mbao, hatua yake ni mita nzima, na 70 kwa 70 yake ni mita za mraba 4,900. Eka ni 4,047. Hiyo ziada ni zaidi ya viwanja viwili vya 20 kwa 20! Akitembea mzee wa hatua za sentimita 75, kila upande unatoka mita 52 na nusu, na eneo ni mita za mraba 2,756, hata robo tatu ya eka haifiki. Angalia vizuri hapo: kutoka yadi, hatua imepungua chini ya moja ya tano, shamba limepungua karibu theluthi. Kosa la urefu linaingia mara mbili, kwenye upana na kwenye urefu, halafu linazidishwa. Ndiyo maana wauzaji wajanja hawakosi mtu wao wa kutembea.

Hesabu hiyohiyo inawakamata na walioko ng'ambo. Kijana mmoja wa Moshono, Arusha, alikuwa anamtumia dada yake aliyeko Marekani vipimo vya kiwanja cha mita za mraba 400. Mita moja ni futi 3.28, akazidisha, akapata 1,312. Kumbe mita ya mraba ina futi 3.28 kila upande, yaani futi za mraba 10.76. Kiwanja kile ni futi za mraba 4,300 na ushee. Dada mtu alikuwa karibu kukataa akidhani anauziwa uchochoro. Na hekta? Mita 100 kwa 100, karibu eka mbili na nusu. Wanaozichanganya ni wengi kuliko unavyodhani.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni mlima. Ramani ya mpimaji inahesabu ardhi kana kwamba imelala sawasawa, lakini kihamba cha Kibosho, yaani shamba la ukoo la migomba, kinateremka. Ukilaza tepu juu ya migomba kwenye mteremko wa nyuzi 20 ukasoma mita 50, kwenye ramani zitatoka 47. Hakuna aliyeiba. Ila mnunuzi akija kupimiwa rasmi, mita tatu zimepotea na ugomvi umeanza. Tepu ivutwe vipande vifupi, ishikwe usawa hewani, kama ngazi inavyoshuka.

Halafu kihamba kina masale, mimea ya kuonyesha mpaka, yaliyopandwa na babu, na babu hakupanda kwa rula. Pande nne, kila mmoja na urefu wake. Watu wanajumlisha pande zinazotazamana, wanagawa kwa mbili, wanazidisha. Njia hiyo haijawahi kumpunguzia muuzaji: kona zisipokuwa za mraba, jibu linazidi eneo halisi kila mara. Pima na ulalo, kona hadi kona. Utapata pembetatu mbili, na pembetatu ikishajulikana pande zote tatu haina pa kujificha. Hesabu yake nitakufanyia mimi, bure.

Kwangu mkataba unaandikwa hivi: kila upande kwa mita, ulalo kwa mita, eneo kwa mita za mraba, na jirani wa kila mpaka. Neno eka nalipeleka mwisho, likitanguliwa na "takriban". Hatua siandiki kabisa, hata mwenyekiti wa kitongoji akinuna.

Tepu ya mita 50 ninayo, naazimisha kwa siku moja. Acha kitambulisho, na msimu huu wa masika tafadhali irudishe imefutwa matope.