Ngoma ya miguu, mtazamaji hana miguu

Khaloo kaja likizo kutoka Maskati, na leo baada ya alasiri nimemvalisha miwani ya uhalisia pepe, inayomfanya mtu aone kama yumo mle palipopigwa picha, aione ngoma ya msewe tuliyoirekodi shamba, huku kwetu Pemba. Akageuka kulia, akageuka kushoto, akacheka kumwona mpigaji ngoma yuko karibu naye hivyo. Halafu akainama kutazama chini. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwanangu, mbona mie sina miguu?"

Ni usiku sasa na swali lake bado ninalo, maana msewe ni ngoma ya miguu. Ule msewe wenyewe, yaani manyanga ya miguuni, hufungwa juu ya vifundo, na haulii mpaka mchezaji akanyage ardhi. Mikono na mabega yana kazi yake, lakini ukitaka kumjua mchezaji unamtazama kuanzia magotini kushuka chini. Na mimi nimemwita mtu wa kwetu katikati ya uwanja huo, nikamweka hewani.

Upande wa sauti naridhika nao. Tulirekodi kwa maikrofoni yenye vichwa vinne, kila kimoja kinasikiliza upande wake, kisha programu ikaziunganisha zile sauti nne kuwa duara moja linalomzunguka msikilizaji. Ukigeuza shingo, ngoma haikufuati. Inabaki pale pale ilipo uwanjani, ila sasa unaisikia zaidi kwa sikio la kushoto. Ajabu ya sikio la binadamu ni kwamba linautambua upande kwa tofauti ndogo mno: sauti hulifikia sikio moja kabla ya jingine kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tofauti hiyo programu inapaswa kuiiga sawasawa. Na ile milio ya msewe inatoka chini, usawa wa ardhi, ndiyo maana Khaloo aliinama. Sauti ilimwita, akaifuata kwa macho, na huko chini hakujikuta.

Nikiwaambia watu kazi ninayoifanya, aghalabu hunitajia Mji Mkongwe. Nenda kapige picha milango, wananiambia, kapige baraza na maghorofa kabla hayajaanguka. Nawaelewa. Upande mmoja wa Beit el-Ajaib, jumba lililosimama tangu 1883, uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na kila Mzanzibari niliyezungumza naye siku ile alikuwa kama kafiwa. Jengo hupigwa picha nyingi zinazopishana, kompyuta ikalisimamisha tena, ufa kwa ufa. Kazi hiyo ifanywe, tena haraka. Lakini kwangu mimi mahali huwa pangu pale ninapokuwapo na watu wakajua kuwa nipo.

Chukua taarab. Mtu aliyekwenda ukumbini usiku wa taarab hatasimulia ala za kanuni na fidla tu, atasimulia nani alinyanyuka kumtunza mwimbaji kwenye ubeti gani, na nani alinuna. Ukumbi mzima unasoma. Ubeti mmoja una watu wake, na anayetoka kitini na noti mkononi, akienda mbele taratibu kwa mwendo wa ngoma, amesema neno bila kufungua mdomo. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, na desturi hii ya kujibizana na mwimbaji bado tunayo. Sasa nikikuvalisha miwani nikakukalisha safu ya mbele, utawaona wote na hakuna atakayekuona. Huwezi kutunza, huwezi hata kununa ukaonekana umenuna.

Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, sauti yake pia ilitengwa na mwili wake na mji wake. Ila santuri ilirudi mwambao ikasikilizwa na watu wamekusanyika, mmoja anaguna, mwingine anataka irudiwe. Miwani hii inamfungia kila mtu peke yake. Hilo ndilo ninalolihofia hasa kwa ndugu zetu wa Maskati, Dubai na London: tuwape Pemba ya kutazama, wabaki wageni ndani yake.

Kuna kazi moja ya zamani inayonipa moyo. Mwaka 1995 msanii wa Kanada, Char Davies, ambaye ni mzamiaji, alitengeneza ulimwengu wa kuvaa kichwani pamoja na kizibao kinachopima kifua. Ukivuta pumzi unapanda, ukiitoa unashuka, kama mtu aliye chini ya bahari. Pumzi yako mwenyewe ndiyo inayokupeleka. Nasi kwetu uwe mguu.

Kwa hiyo nataka tumfunge mtazamaji msewe wa kweli miguuni, pamoja na vihisi vidogo vya mwendo, asimame peku kwenye ardhi ya kweli. Akikanyaga, ngoma imjibu. Akisita, ngoma imngoje. Itatubidi tuwarekodi wapigaji mmoja mmoja, tena upya, maana rekodi ya pamoja haiwezi kumngoja mtu. Na wachezaji wamtazame, wamgeukie anapokosea mdundo kama wanavyomgeukia yeyote. Nilipomweleza mpigaji wetu mkubwa, alinijibu kuwa yeye humpigia mtu, hajapata kuipigia maikrofoni, na kwamba muda wote wa kurekodi alikuwa akitafuta miguu ya kutazama.

Jambo jingine nimeshaliamua na silijadili: unyago sitautia kamera. Una wenyewe, na mlango wake haufunguliwi kwa miwani.

Rafiki zangu wa Unguja wanataka tuizindue Forodhani, penye watu na wageni. Yule mpigaji wetu mkubwa ametaka ianzie kijijini, uwanjani pale pale, wachezaji wenyewe wavae kwanza mmoja mmoja na wenzao wakiwatazama. Nimemkubalia. Wakisema siyo, tunarekodi tena.