Kutoka Mbeya hadi melini Miami: mwili unabaki nyuma

Anayetoka uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, kupitia Dar es Salaam kwenda kupanda meli ya utalii Miami hachoshwi na kiti cha ndege tu. Kule wako nyuma yetu kwa saa 7 wakati wao wa joto, 8 wakati wa baridi. Saa 10 jioni ya Miami mwezi Julai ni saa 5 usiku Mbeya. Ukilala hapo, utakodoa macho usiku wa manane.

Mwili hujirekebisha kwa takriban saa 1 kwa siku. Siku 3 kabla ya safari, chelewa kulala kwa saa 1, kisha 2, kisha 3. Ukifika, mwanga ndiyo dawa kubwa, kwa hiyo kaa nje alasiri mpaka jua lizame. Kahawa ya Mbozi uliyobeba inywe asubuhi tu.

Tafadhali, fika siku 2 kabla ya meli kung'oa nanga. Ndege ikichelewa, meli haisubiri.

Kurudi ni kugumu zaidi, kwa kuwa kuwahisha usingizi kunautesa mwili kuliko kuuchelewesha. Siku ya kwanza Mbeya, jua la asubuhi linazidisha tatizo, maana mwilini bado ni usiku. Ota jua kuanzia saa 6 mchana, kisha kila siku anza mapema zaidi kwa saa 1.