Na mimi nitapigwa lini?

Saa tano usiku. Neema amelala, Baba Neema anakoroma mbele ya runinga, na mimi bado niko Jumatano saa nne asubuhi.

Mheshimiwa mnamjua. Yule wangu wa PP2, mwaka wa pili wa chekechea, anayeingia darasani na magongo yake mawili akisalimia meza baada ya meza kama mtu anayeomba kura. Jumatano ilikuwa Juni 11, Siku ya Kimataifa ya Kucheza. Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2024, na mwalimu mkuu aliipenda papo hapo kwa kuwa haihitaji bajeti. Basi tukafunga vitabu tukatoka uwanjani, yaani kile kipande cha vumbi kati ya vyoo na ukuta. Watoto 43. Wakachagua kati, ule mchezo wa kukaa katikati ukikwepa mpira, ukipigwa uko nje. Wangechagua nini kingine? Mpira ulikuwa soksi kuukuu iliyoshindiliwa vipande vya godoro. (Sisi tuliokulia Kayole na mipira ya juala tunajua ule ulivyokuwa ukiwasha mgongo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, watoto wanapigwa na sponji na bado wanalia.)

Mheshimiwa akaja mbio, mbio zake zile. Nikamvutia kiti kivulini, karibu na tangi la maji.

"Wewe leo ni refa."

"Ticha, hata juzi nilikuwa refa."

"Refa ni mkubwa. Wote wanamsikiza yeye."

Akawaza kidogo. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeulizia gari la saa ngapi: "Na mimi nitapigwa lini?"

Nikacheka. Hicho ndicho kicheko kinachoninyima usingizi. Nilicheka, nikamwambia, "Wewe hupigwi, wewe ni mheshimiwa," na mama mpishi akacheka, nikamtia filimbi mkononi. Akaipuliza vizuri tu. Akatoa watu nje kwa haki, hata rafiki yake wa dawati. Hakulalamika tena, na afadhali angelalamika.

Wiki yenyewe haikuwa ndogo: wakaguzi wa kaunti walikuja Jumatatu, shemeji alijifungua Pumwani Jumanne usiku (msichana, kilo tatu na kitu), na mwenye nyumba amepandisha kodi. Lakini kila nikikaa namsikia yule mtoto. Nitapigwa lini. Ndani ya matatu kondakta aliniomba nauli mara mbili nikiwa bado natunga jibu. Ningesema "kesho." Ningesema "ingia." Ningenyamaza tu nikamwachia kiti atoke mwenyewe. Katika kati, anayepigwa ndiye aliyecheza. Mtoto wa miaka mitano ameelewa hilo, na mimi mwenye diploma namfurahisha kwa filimbi.

Tangu hapo nimeanza kumtazama siku nzima, na ninachokiona hakinipendezi. Kwenye foleni ya chakula, kile cha shilingi tano, tunampitisha mbele, anagusisha bangili yake ya kulipia kwenye mashine na anakula peke yake dakika kumi kabla wenzake hawajafika. Wakati wa nyimbo za kuruka, yeye hushika ngoma. Na kalongolongo! Jana niliwachungulia wakipika udongo kwenye vifuniko vya chupa. Kulikuwa na baba, mama, watoto, mwenye duka, hata polisi wa kuomba hongo. Mheshimiwa alikuwa amelazwa juu ya gunia. Mgonjwa. Nilipouliza kwa nini yeye, wakanishangaa mimi: yeye ndiye huwa mgonjwa kila siku. Hilo sikuwafundisha. Au nimekuwa nikiwafundisha kila asubuhi kwa kiti changu cha kivulini.

Mnakumbuka nilivyoandika humu mwezi wa pili, mama yake aliponieleza kwamba shule mbili zilimrudisha kabla hajafika kwetu. Nilikuwa na hasira tamu siku ile. Nikaenda hata semina ya elimu jumuishi, siku mbili na sambusa, nikarudi na cheti. Niulize Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto, nitakwambia ni haki ya kupumzika na kucheza. Niulize cha 54 cha Katiba, kile cha haki za watu wenye ulemavu, nacho ninacho kichwani. Tukapigania njia ya mteremko mlangoni hadi ikamwagwa saruji. Kwa hiyo mtoto anaingia vizuri sana, halafu anafika ndani anapewa filimbi.

Nikisema kweli, nilikuwa naogopa. Akianguka, nitamwambia nini mama yake? Alhamisi jioni nikajikaza nikamuuliza mama mwenyewe langoni. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mwenye shida ni mimi. Nyumbani, akasema, yeye na dada yake hupigana mpaka majirani wanagonga ukuta.

Basi Ijumaa sikuweka kiti. Sikuwa na mpango wowote, nawaambia ukweli. Nilisimama pale kama mlingoti nikingoja akili inijie, na kabla haijanijia, yule binti mdogo mwenye sauti ya king'ora akaamua: "Basi tukae wote!" Waliomo katikati wakakaa chini, wakaanza kukwepa mpira kwa kusota na matako. Vumbi lililotimka hapo, mama zao wamelifua leo na bila shaka wamenitaja kwa jina.

Sasa mjue, kusota ndiyo kazi ya Mheshimiwa. Alikuwa akisota kabla hajapata magongo. Alipinda, akalala chali, akageuka kama samaki, wenzake wenye miguu yao mizima wakawa wanagongana vichwa. Gongo moja aliliacha kando, la pili akalishika kifuani kama ngao. Mpira wa saba au wa nane ukampata. Paa!

"Umegusa gongo! Haujanigusa!"

Hapo mchezo ukasimama kabisa. Je, gongo ni mtu au si mtu? Wengine walisema ni kama kiatu, na kiatu kikipigwa uko nje. Wengine wakasema kiatu huvai mkononi. Mmoja akauliza kama anaoga nalo. Walibishana kwa bidii ambayo sijaipata kwenye hesabu mwaka mzima, na yeye katikati yao, kamasi hadi mdomoni, akijitetea kuliko wakili. Mwisho wakanigeukia. Nikiwa refa, ndiyo. Nikasema gongo ni mguu wake, kwa hiyo yuko nje.

Loo! Alilia. Akaniambia nimemuibia. Akaenda kukaa ukutani na watatu wengine waliotolewa, wote wamenuna, na mmoja akampa nusu ya andazi. Saa ya kwenda nyumbani alisalimia kila mtu, mlinzi, mama mpishi, hata paka. Mimi alinipita.

Nimetembea hadi stendi nikicheka peke yangu. Jumatatu labda ataniamkia. Bado sijui nitafanya nini na ile foleni ya chakula, maana bangili hazina adabu na wakubwa husukumana, ila kiti nimekirudisha ofisini.

Ningelala sasa, kama si kuku. Mama ametuma kutoka Mwingi gunia la ndengu na kuku mzima mzima, kwa gari la jana jioni. Leo nimeenda Machakos Airport, ile stendi ya mabasi ya mashambani, kuchukua. Ndengu zimefika. Dereva anasema kuku hamjui, makanga simu yake haipatikani tangu saa nane, na mama amepiga mara tatu kuuliza kama tumeshamchinja.