Makefile isiyosikia

Ukifungua Makefile (faili la maelekezo ambalo zana ya make hulisoma inapojenga programu) ya programu ndogo ya C ambayo mtu aliiandika kwa matumizi yake mwenyewe, mara nyingi utakuta juu juu mstari kama huu:

    CFLAGS = -O3 -march=native -Wall -Werror

Kwenye kompyuta ya aliyeuandika mstari huo hauna shida yoyote. Kwangu mimi ninayefungasha programu kwa ajili ya Debian, mfumo huria wa Linux, karibu kila neno lake ni kazi. Hivi karibuni nimekuwa nikishughulika na programu ya namna hiyo, inayosoma takwimu za vituo vya hali ya hewa na kuchora grafu. Naandika njia niliyopita kwa sababu maelezo ya mambo haya kwa Kiswahili ni haba mno, na vijana wanaoanza kufungasha huniuliza maswali yale yale.

Nianze na -march=native, maana ndiyo inayoumiza watu. Inaiambia kompaila, yaani zana inayogeuza msimbo wa C kuwa programu, itumie kila amri inayojulikana na prosesa ya mashine iliyo mbele yake. Intel ilileta amri za AVX2, za kukokotoa namba nyingi kwa mpigo mmoja, mwaka 2013 na prosesa za Haswell. Jenga programu kwenye mashine ya namna hiyo, kisha ipeleke kwenye Core 2 Duo ya mwaka 2007. Maabara nyingi za shule huku kwetu bado zina mashine za umri huo, kwa kuwa tunapokea kompyuta zilizokwisha tumika kwingine. Ikifika kwenye amri isiyojulikana, programu inakufa papo hapo na kuacha maneno mawili tu: Illegal instruction. Mwalimu wa kompyuta akiyaona atadhani mashine imeharibika, na pengine ataiweka stoo. Mashine ni nzima. Toleo la amd64 la Debian linaahidi kufanya kazi hata kwenye prosesa za biti 64 ambazo AMD ilizitoa mwaka 2003, na ahadi hiyo naichukulia kwa uzito kuliko kasi ya grafu.

Debian ina swichi zake, yaani maelekezo ya kompaila kama hayo ya kwenye CFLAGS. Amri ya dpkg-buildflags inazitoa: -g na -O2, -fstack-protector-strong, -D_FORTIFY_SOURCE=2, -Wl,-z,relro na nyinginezo, nyingi zikiwa za kumkinga mtumiaji dhidi ya mashambulizi. Zana za kufungashia huziweka kwenye vigeu vya mazingira kabla ya kuita make. Lakini kwa make, kigeu kilichoandikwa kwa = ndani ya faili kinashinda cha mazingira. Debian inasema, Makefile haisikii. Ujenzi unafaulu, hakuna onyo, kifurushi kinatoka bila kinga zilizokuwa kwenye CFLAGS. Afadhali kosa linalopiga kelele kuliko hili.

Ukitaka kujua kigeu kimetoka wapi, ongeza mstari huu chini ya Makefile:

    $(info $(origin CFLAGS))

Utajibiwa "file", "environment", "command line" au "undefined". Nashangaa watu wanavyohangaika saa nzima kukisia jambo ambalo make yenyewe iko tayari kuwaambia.

Wengi hukimbilia kuandika make CFLAGS="..." kwenye mstari wa amri. Kweli, hiyo inashinda =. Lakini inashinda na += pia, ile ya kuongezea thamani. Programu yangu hutumia cairo, maktaba ya kuchorea, na ilikuwa na mstari huu huko chini:

    CFLAGS += $(shell pkg-config --cflags cairo)

Ukapuuzwa, na kompaila ikalalamika kwamba faili la cairo.h halipo. Lipo, ila limo ndani ya /usr/include/cairo, na aliyekuwa akiitajia kompaila njia hiyo ni huo mstari uliopuuzwa. Kuna neno override linaloweza kuulazimisha, lakini silipendi. Linarudisha ubabe ule ule tunaoukimbia. Nilitenganisha mambo mawili: swichi ambazo programu haiwezi kujengwa bila hizo, na swichi ambazo ni hiari ya anayejenga.

    CFLAGS ?= -O2 -g
    CAIRO_CFLAGS := $(shell pkg-config --cflags cairo)

    %.o: %.c
    	$(CC) $(CPPFLAGS) $(CAIRO_CFLAGS) $(CFLAGS) -c -o $@ $<

Alama ?= huweka thamani pale tu ambapo kigeu hakijawekwa. Tazama CPPFLAGS hapo. Waandishi wengi huisahau, na ndimo ilimo _FORTIFY_SOURCE. Tazama pia kwamba CC, kigeu cha jina la kompaila, sikuiwekea ?=. Mtu akiandika CC ?= gcc anadhani amechagua gcc, kumbe make huzaliwa na CC yenye thamani ya cc, kwa hiyo ?= haifanyi chochote. Kwenye mashine nyingi za Linux hutaona tofauti. Itaonekana siku utakapohama.

Upande wa kuunganisha kulikuwa na gcc $(LDFLAGS) -lcairo -lm $(OBJ). Debian ilikubali, Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Debian, ikakataa: undefined reference to `pow'. Kompaila ya Ubuntu hutumia --as-needed bila kuombwa, na maktaba iliyotajwa kabla ya faili zinazoihitaji huachwa. Maktaba zikae mwisho, kwenye kigeu cha LDLIBS, basi.

-Werror niliiondoa bila kusita. Ni nzuri mezani kwa mwandishi, ila inageuza kila onyo kuwa kosa, na kila toleo jipya la GCC, kompaila ninayoitumia, huja na maonyo mapya, na programu iliyojengwa vizuri mwaka jana inakataa mwaka huu. Usichanganye na hili: GCC 14 ya mwaka 2024 inakataa kabisa kuita funksheni isiyotangazwa, hata bila -Werror. Hapo usitafute swichi ya kuinyamazisha. Zamani kompaila ilidhani funksheni hiyo inarudisha int, na kama kweli inarudisha anwani ya kumbukumbu, kwenye biti 64 nusu yake inaweza kukatwa. Tafuta faili la .h linalokosekana.

Marekebisho hayo nilimtumia mwandishi kama viraka. Alipokea karibu vyote, ila aliililia kasi, na hoja yake ni ya haki: kitanzi kimoja cha kukokotoa wastani kinanufaika sana na AVX2. Tukakubaliana juu ya sifa ya GCC inayoandikwa juu ya funksheni yenyewe:

    __attribute__((target_clones("avx2","default")))

Kompaila inatengeneza nakala mbili za funksheni hiyo, na programu inapoanza inachaguliwa inayolingana na prosesa. Mashine mpya inapata kasi yake, ya shuleni inapata grafu yake.

Baada ya hapo, pitisha logi ya ujenzi kwenye blhc, inayotafuta swichi za kinga zilizokosekana. Kama Makefile inaficha amri kwa @, ondoa @ kwanza, la sivyo blhc haina cha kusoma. Kisha hardening-check kwenye programu iliyokwisha jengwa.

Limebaki moja. Ujenzi sambamba wa make -j8, yaani kazi nane kwa wakati mmoja, hufaulu leo na kukwama kesho, kwa sababu kuna faili la .h linalozalishwa na skripti na hakuna mahali palipoandikwa nani analitegemea. GNU make 4.4 ilileta --shuffle, inayovuruga mpangilio wa kazi kwa makusudi. Kwa hiyo kosa hilo sasa naweza kuliita lije ninapolitaka, na kiraka chake ndicho ninachokiandika wiki hii.