Asetoni juu ya kaye ya randevu

Kaye yangu ya randevu, lile daftari ninamoandika miadi ya wateja, iliharibika jioni ya tarehe 7 Machi. Anayejua kazi ya kucha hapa Lubumbashi ameshaelewa kwa nini nataja tarehe. Kesho yake ni sikukuu ya wanawake, vitenge vimeshatoka kwa fundi, na kila mama anataka vidole vyake viitikie kitenge chake. Mwanafunzi wangu alikuwa anamtoa mteja jeli ya zamani, chupa ya asetoni, dawa ya kuondolea rangi na jeli, ikiwa wazi karibu na kiwiko chake. Kiwiko kikasogea.

Yangekuwa maji, karatasi ingekunjamana tu na majina yangebaki. Lakini asetoni inakula wino wa biki. Niliona jina la kwanza likivimba, likageuka wingu la buluu, wingu likateremka kwenye jina la pili, na lile la pili likateremka tena. Ukurasa ule ulikuwa na watu 11. Nilipomaliza kuupangusa kwa pamba (kosa jingine hilo, pamba ilimalizia kilichobaki) nilikuwa na majina manne na nusu. Asubuhi walikuja wote, na kila mmoja ananiambia ("Ya" huku ni dada mkubwa): "Ya, ni miye nilikuwaka wa kwanza." Ningebisha na nini?

Ndivyo nilivyoanza kutafuta programu ya randevu. Sikuwa na ndoto kubwa. Ongleri yangu, saluni ya kucha, iko mtaa wa Bel-Air, ina viti viwili vya mikono na kimoja cha miguu. Tuko mimi, dada mmoja anayeijua kazi vizuri, na wanafunzi wawili. Mtoto wa dada yangu, yuko chuoni anasoma infomatiki, akaniambia, "Tantine, iko mingi, tena ya bure." Kweli iko mingi. Nilijaribu tatu kwa muda wa miezi miwili, na majina yake nayaacha, kwa sababu zote zinafanana na huenda kwa mwenye saluni ya mji mwingine zinafanya kazi vizuri sana.

Ya kwanza ilikuwa nzuri kama kadi ya arusi. Unatuma linki, mteja anafungua, anachagua huduma, anachagua saa, kwisha. Mimi nilifurahi, wateja wangu hapana. Linki inakula mega za intaneti, na mtu mwenye mega za WhatsApp peke yake haifunguki kwake. Anayeifungua anaombwa jina, emeli na neno la siri. Emeli ya nani? Mama mmoja aliweka ya kijana wake anayefanya kazi Kolwezi. Siku moja kabla ya randevu yule kijana akanipigia simu kwa sauti ya heshima kabisa, anauliza kwa nini yeye anangojewa kwangu kesho kwa pedikiri.

Halafu yakaja mambo ya saa. Nilipojiandikisha nilichagua nchi, na programu yenyewe ikaniwekea saa ya Kinshasa. Sisi huku tuko mbele yao kwa saa nzima. Kwenye skrini yangu kila kitu kilionekana sawa: mteja wa 10:00, nimeandika 10:00. Lakini simu ya mteja inajua iko Lubumbashi, ikamwonyesha 11:00, na saa hiyo ndiyo akafika, anatabasamu, wakati wa 11:00 wangu naye anafunga gari nje. Siku tatu niliwalaumu watu bure. Mwishowe yule kijana wa infomatiki akateremka kwenye orodha ndefu ya miji, na katikati ya majina ya Afrika tukalikuta: Lubumbashi, limeandikwa peke yake. Sikujua kama mji wetu uko mle. Kama nawe uko huku, au Goma, au Bukavu, anza hapo kabla hujaandika jina la mteja hata mmoja. Usiache Kinshasa.

Saa zina shida nyingine ambayo programu haiitibu. Kuna mteja anayesema kwa Kifaransa "dix heures" na kuna anayesema saa nne, na wote wanataka kufika asubuhi ileile. Mwanafunzi wangu alishapokea simu ya "saa nne" akaiweka 16:00. Sasa sheria ya nyumba ni kwamba tunamwandikia mteja kwa tarakimu, 10:00 au 16:00, na yeye anajibu.

Ya pili nilikaa nayo muda mrefu zaidi kwa sababu ilikuwa inatuma SMS za kukumbusha. Unanunua kredi, kila SMS inapunguza. Wiki ya kwanza kredi ziliisha na watu bado wanasahau. Nikamuuliza mteja, "Hukupata mesaji?" Hakupata. Nikafungua majina moja moja. Wengine niliwaandika 243 halafu ile sifuri ya mbele nikaiacha palepale bila kuitoa: 243, sifuri, namba. Kwa simu yangu mazoea yananisamehe, kwa mashine namba hiyo haipo duniani. Ukiweka +243, sifuri inatoka. Nilikuwa nalipa kutuma ukumbusho hewani.

Hiyo ya pili ilikuwa na tabia nyingine iliyonifanya niondoke. Chini ya ukurasa wa saluni yangu ilikuwa na sehemu ya kuonyesha saluni nyingine zilizo karibu. Siku zile hapakuwa na mwingine kwenye ramani yao, kwa hiyo pale chini palikuwa peupe. Lakini nilijiuliza: siku jirani akiingia, mteja niliyemtafuta mimi, niliyempa linki mimi, ataonyeshwa jirani ndani ya nyumba yangu? Nikatafuta kitufe cha kutoa majina ya wateja wote kwenye faili moja niondoke nayo. Kilikuwepo, nashukuru. Tafuta kitufe hicho siku ya kwanza, wakati bado mnapendana na programu.

Ya tatu sikuitumia hata mwezi, lakini ndiyo iliyonifundisha kazi yangu mwenyewe. Ilikataa kupokea huduma kama hujaiambia inachukua dakika ngapi. Ngapi? Kwenye kaye mimi nilikuwa nampa kila mtu saa moja, kwa sababu mistari ya kaye ilikuwa inaenda saa kwa saa. Nikaanza kupima kwa simu, wiki mbili, nikiandika nyuma ya kalenda ya ukutani. Verni ya semi-pemanenti, rangi inayokaa muda mrefu, peke yake, dakika 50. Ramplisaji, yaani kujazia jeli pale kucha ilipoota, saa moja na nusu. Kuweka kapsuli (kucha za plastiki) na jeli kutoka mwanzo, saa mbili na robo, na kama mteja ameleta picha ya maua na vijiwe kutoka kwenye simu, ongeza nusu saa na uvumilivu. Kutoa jeli ya zamani, dakika 30, na hizo ndizo zilizokuwa zinaniua, maana hakuna anayezitaja akipiga simu. Anasema "nataka kuweka kucha," anafika na jeli ya mtu mwingine ya wiki tano. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa naandika uongo, na watu wanakuja kuukalia kwenye benchi.

Swali la kwanza tunalouliza sasa ni: "Uko na kitu kwenye kucha?" La pili, picha. Saa inakuja ya tatu.

Tena kuna lampu za kukaushia jeli. Nina mbili. Programu zote tatu zilijua kuhesabu watu na viti, lakini umeme ukikatika viti havina maana. Ninachohesabu ni ile lampu ya chaji, inayobaki kuwaka. Jeli bila lampu ni uji. Hakuna mahali pa kuandika "kuanzia sasa nina lampu moja, sogeza watu wote."

Na pesa. Nilitaka mteja atoe kidogo kabla, dola 5, ili akae kwenye nafasi yake kweli. Zote tatu zilikuwa tayari kuchukua hiyo akonti, pesa ya kutanguliza, kwa kadi ya benki. Wateja wangu wana M-Pesa, wana Airtel Money, wana Orange Money, na wengine wana zote kwa simu mbili. Kadi? Labda wawili. Hapo nikaelewa kwamba ule mlango wa linki nilikuwa namjengea mteja asiyekuwepo. Wangu alishakuwa ndani ya WhatsApp, ananitumia sauti ya dakika tatu.

Nikarudi huko. WhatsApp Business ni ya bure, na ndani yake nimeweka majibu ya haraka: ninaandika alama ya mkwaju (/) na neno moja, yanatoka maswali yote, bei, na maelezo ya akonti. Lebo za rangi zinaonyesha nani amelipa, nani bado. Randevu zenyewe ziko kwenye Kalenda ya Google, moja yangu na moja ya dada, tumeshirikishana, rangi mbili. Ninaweza kuandika humo hata mega zikiisha, zikirudi inajipeleka yenyewe kwenye simu ya dada. Si programu ya saluni. Haijui verni ni nini. Inajua kwamba kitu kinaanza 10:00 na kinaisha 12:15, na hicho ndicho nilichokuwa nimekosa.

Akonti ilileta kelele. "Ya, unatuletea mambo ya wazungu." Nilipoteza wateja, siwezi kuficha. Waliobaki wanatuma dola 5, mimi naangalia mesaji iliyoingia kwenye simu yangu, siangalii picha ya mesaji anayonitumia yeye, maana picha inaweza kuwa ya mwezi uliopita. Akinijulisha jana yake jioni, pesa inahama naye hadi siku nyingine. Zamani Jumamosi niliweza kukosa watu watatu. Sasa mmoja, na wiki nyingine hakuna.

Kuna mmoja tu ambaye simuombi kitu. Ni mama wa biashara, anafuata mali Kasumbalesa, mpakani na Zambia, alikuwa mteja wangu tangu nafanya kazi barazani kwa mama yangu. Juzi Ijumaa alikuwa na 15:00. Umeme ulikuwa umeenda, dada anamalizia mtu kwa lampu ya chaji, mimi nangoja. Saa ikapita, akapiga, nyuma yake ngurumo za malori. "Ya, niko nakuya, gari ni mingi sana huku." Nikamwambia aje taratibu. Nikalishika lile boksi lake la rangi ya zambarau kwenye kalenda kwa kidole, nikaliteremsha hadi 17:30, na chupa ya asetoni nikaisukuma upande ule mwingine wa meza.